Mlango wa Mninga Kwenye Ofisi ya Vioo

Sijawahi kuomba radhi kwa ajili ya ule mlango, na sitaomba. Waliotaka niombe walikuwa wengi: mkuu wa ofisi yetu, wakubwa wa makao makuu Dar es Salaam, hata ndugu yangu wa tumbo moja, aliyeniambia kuwa mwajiri habishiwi, anasikilizwa tu. Niliwasikiliza wote. Kusikiliza ndiyo kazi yangu, nimeifanya miaka mingi hapa Songea, na ni kwa sababu ya kazi hiyohiyo mlango ule umesimama pale uliposimama, katikati ya ofisi ya vioo. Ni mlango mzito wa mninga, una mikwaruzo kwa chini, pale mbwa wa mlinzi alipozoea kukwangua akitaka kuingia wakati wa mvua.

Mimi ni msaidizi wa sheria. Shirika letu linawahudumia wanawake wenye mambo ya mirathi, ardhi na ndoa, wale wasio na wakili na wasiojua waanzie wapi. Hakuna anayekuja kwetu kwa sababu ana furaha. Anakuja amefunga jambo kifuani kama alivyofunga nauli kwenye pindo la kitenge, na kazi yangu ni kukaa naye mpaka fundo lile alifungue mwenyewe. Huwezi kumfungulia. Ukivuta kwa nguvu, linakaza.

Ofisi yetu ya zamani ilikuwa nyumba ya kawaida ya matofali ya kuchoma, njia ya kwenda Mjimwema. Ukumbi mwembamba, vyumba huku na huku, barazani benchi. Mtu alifika, akapiga hodi, akajibiwa karibu. Akakaa kwenye benchi, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha: watoto, shamba, mvua, wagonjwa. Akapewa maji. Ndipo tukaingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Ulikuwa mlango wenye tabia zake. Ukifungwa ulitoa mlio, kho, kama mzee anayesafisha koo. Sijui kwa nini, lakini wanawake wengi walianza kusema baada ya mlio huo.

Kisha mwaka mmoja wakatuita Dar es Salaam tukaone ofisi mpya ya makao makuu. Nasema kweli, niliipenda. Ilikuwa juu ghorofani. Ukitoka kwenye lifti unakanyaga nyasi za plastiki, mbele yako kuna bajaji iliyokatwa katikati na kugeuzwa kochi. Bembea zilining'inia kutoka darini, eti mtu akikwama na kazi apande, abembee mpaka wazo limjie. Chumba cha mikutano kilikuwa kontena la bandarini lililopakwa rangi ya njano, na ndani watu walikaa chini kwenye mito. Nilipanda bembea nikiwa na kitenge changu, ikanirudisha nyuma, viatu vikaruka, wasichana wawili wakaja kunishusha. Tulicheka sote. Asije mtu akasema nimekataa mambo mapya kwa ushamba. Mimi nimebembea ghorofani na nikafurahi.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa na meza yake. Kila asubuhi mtu aliingia na begi mgongoni, akazungusha macho kutafuta pa kukaa, kama aliyechelewa msibani anayetafuta kipande cha mkeka. Na ukiacha vyoo, hapakuwa na mlango hata mmoja. Nikamuuliza dada mmoja, mtu akija na jambo lake la ndani mnampeleka wapi? Akanijibu kwa upole kwamba pale hawaji watu, zinakuja barua pepe. Nikaridhika kabisa. Barua pepe haina aibu, na kila nyumba ina desturi zake.

Sikujua kwamba nguo niliyokuwa naisifu mwilini mwa mwenzangu ilikuwa inapimwa kwa ajili yangu.

Mvua zilipokwisha akaja mbunifu kutoka Dar es Salaam. Kijana mzuri, suruali fupi inayoacha vifundo vya miguu nje, na baridi yetu ya kiangazi ikamshikisha adabu siku ya kwanza tu, akaenda sokoni kutafuta koti la mtumba. Simchukii. Alitoa shikamoo kwa kila aliyemzidi umri, na alikula makande yetu bila kulalamika. Alizunguka nyumba akigonga kuta kwa kidole, kisha akatangaza kwamba nyumba ile haipumui. Akaeleza kuwa kuta zinawatenga watu na milango inawatenga zaidi. Alitaka ofisi ambayo mgeni akifika anaona kila kitu, ajue hatuna cha kumficha.

"Mwanangu," nikamwambia, "sisi hatuna cha kuficha. Wanaokuja ndio wanacho."

Akatabasamu, akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani aliandika kitu kingine.

Mafundi wakaja, kuta zikalala. Ukuta wa mbele ukatolewa wote, kikawekwa kioo kuanzia sakafuni mpaka juu. Mlango nao ukawa wa kioo, una kijicho kidogo juu yake. Ukiusogelea unafunguka wenyewe, ukisogea pembeni unajifunga. Nyuma wakatoboa dirisha kubwa linalotazama milima ya Matogoro, maana mandhari hutuliza akili, na meza zetu ndefu za kukalia kwenye stuli zikapangwa kuelekea huko. Kwa hiyo kutwa nzima sisi tulitazama milima na migongo yetu ikatazama barabara. Meza ya mapokezi ikaondolewa. Pahali pake kikasimamishwa kioo cha kubonyeza, kimeandikwa kwa Kiswahili safi: chagua aina ya tatizo lako. Na ili tujione tuko nyumbani, mbunifu alinunua nyungo nyingi sokoni akazitundika ukutani. Mama anayefanya usafi akaniuliza mwenye nyungo zile atakuja lini kuzichukua, mavumbi yanaziharibu.

Bembea na sisi tulipewa. Moja.

Mlango wangu wa mninga niliukuta umetupwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na fundi mmoja ameshika shoka. Nikamwambia aliweke shoka chini. Nilimwambia vizuri, lakini aliliweka haraka.

Ofisi ikafunguliwa, mji ukaja kutazama. Vijana walipanda bembea wakapigana picha. Wanafunzi wakitoka shule walicheza na mlango, anasogea huyu unafunguka, anarudi nyuma unafungwa, mpaka mlinzi awafukuze. Wafanyabiashara wa jirani walitusifu kwamba sasa Songea nayo imekuwa. Waliokosekana ni wale tuliowekwa pale kwa ajili yao. Siku zilipita, stuli zimekaa wazi. Mkuu wetu, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye hofu ya kila ujumbe unaotoka Dar es Salaam, akaandika kwenye taarifa yake kwamba elimu imewafikia wanawake na migogoro imepungua. Makao makuu wakampongeza. Nikamwuliza kama kweli anaamini kwamba mashemeji wa mkoa mzima wa Ruvuma wameokoka kwa mpigo. Akaomba nimwache kidogo, kichwa kinamuuma.

Mimi nilikuwa na mtu ninayemsubiri. Alikuwa mama mmoja wa Mpitimbi, mjane, mkubwa kwangu kidogo. Alikuja mara ya kwanza kabla ya nyumba kubomolewa. Mumewe alipofariki, shemeji yake alimwambia achague: arithiwe, awe mke wake, au aondoke kwenye shamba. Akakataa kurithiwa. Shemeji akatafuta mnunuzi. Shamba lile ndilo lililokuwa linamlisha yeye na wanawe, hana jingine, na wala halikuwa la ukoo. Yeye na mumewe ndio waliolifyeka likiwa pori. Tulikuwa tumefungua shauri kwenye baraza la ardhi. Yalibaki maelezo yake, yote, kutoka kinywani mwake, maana alichonisimulia siku ile kilikuwa nusu. Alifika mahali akanyamaza, akatazama mikono yake. Akasema iliyobaki ataisema moyo ukipata nguvu, kuna mambo hayasemeki kwa siku moja. Nikamwambia asiharakishe. Nikamwambia, nakumbuka maneno yenyewe, mlango upo.

Basi tarehe ya baraza ikasogea na mama hakutokea. Simu aliyokuwa akipigia ilikuwa ya mwanawe, na mwanawe alikwenda Mbinga kwenye kahawa, hapatikani. Bila maelezo yale shemeji angesimama mbele ya baraza peke yake, akasema apendavyo, na msimu ujao shamba lingelimwa na mtu mwingine. Nikachukua bodaboda mpaka Mpitimbi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi mbele ya nyumba yake. Alinipa kigoda, akanisalimu salamu zote bila kuacha hata moja, lakini uso haukuwa wake. Mikono iliendelea na mahindi. Nikamwambia nimemsubiri sana.

"Dada, nilikuja," akasema. "Nilikuja mara mbili. Mkanifungia."

Nikasema haiwezekani, nani amfungie? Akanieleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo mwenzake analijua na anajifanya halijui. Alifika, na kabla hajagusa kitu mlango ukafunguliwa. Akajua ameonekana. Akasogea pembeni, kama mtu yeyote aliyelelewa anavyosogea, maana hodi haipigwi umekodoa macho ndani ya nyumba ya watu. Akapiga hodi. Kimya, na mlango ukafungwa. Akadhani labda mtoto amecheza nao. Akausogelea tena, ukafunguliwa, akasogea pembeni, akapiga hodi ya pili, ukafungwa. Na ya tatu hivyo hivyo. Hodi ikipigwa mara tatu bila jibu, mwenye adabu anaondoka. Lakini kabla ya kuondoka alichungulia kupitia kioo, akatuona tumekaa wote tumempa migongo.

"Nilikuona na wewe," akasema. "Una lile gauni la maua."

Akarudi nyumbani. Baadaye akajishauri kwamba labda siku ile tulikuwa na mambo mazito, kila nyumba ina siku zake. Akarudi tena, akafunguliwa tena, akafungiwa tena. Kwao, mtu akikufungulia, akakuona, kisha akafunga bila neno, amekwishakujibu. Hukai tena hapo kuuliza.

Nikamweleza kuhusu kijicho. Nikamwambia hakuna mtu anayefungua, ni umeme unaohisi mtu amekaribia, na hodi ya taratibu haitufikii kupita kioo kile kinene. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi kwenye kiganja chake.

"Sasa kama hakuna mtu wa kunikaribisha," akasema, "kinafungua ili iweje?"

Swali hilo nimewauliza hata wenye vyeti.

Akaongeza kwamba hata angeingia, asingesema kitu mle. Aliona binti mmoja amekaa kwenye stuli ndefu, barabara nzima inamtazama, kama andazi kwenye kabati la kioo la mgahawa. Rafiki za shemeji yake wanaendesha bodaboda njia ile ile. Ya kwake si ya kusemwa kwenye kabati. Nikamwuliza, na kama mlango ule wa zamani ungekuwapo? Akanitazama mara ya kwanza tangu nifike. Akasema ule ulikuwa mlango. Tukakubaliana siku.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Mimi hasira yangu haina kelele, ina mikono. Kesho yake, kabla wenzangu hawajafika, nilizima swichi ya ule mlango wa kioo, nikausukuma ukawa wazi, nikauwekea nusu ya tofali. Nikaigeuza meza yangu, nikaipa mgongo milima ya Matogoro. Milima ile nimezaliwa nimeikuta, haihitaji nikae kutwa kuilinda. Kuanzia siku ile kila aliyepiga hodi alikuta uso wangu, na kabla hajafika ya pili nilikwishasema karibu.

Mkuu wetu alipoingia akaliona tofali, akaona meza, akakaa kwenye bembea bila kujua kwamba amekaa kwenye bembea. Akasema ningeomba ruhusa kwanza. Nikamwambia ruhusa huombwa na mtu aliye tayari kukataliwa, na mimi sikuwa tayari.

Jumamosi nikamwita fundi seremala wa mtaa wa Matogoro. Hatukuwa na kuta, lakini tulikuwa na makabati ya chuma ya kuwekea majalada, marefu kuliko mtu, ambayo mbunifu aliyasukumia stoo kwa sababu yanaziba mwanga. Tukayatoa, tukayapanga mraba katikati ya ofisi, yamegeuziana migongo, tukaacha upenyo. Ili yasije kumwangukia mtu tuliyafunga kwa kamba. Kamba nzuri zilikuwa za bembea, tukazichukua. Kwenye upenyo fundi akasimamisha fremu, na kwenye fremu akautundika mlango wangu wa mninga, na komeo lake la zamani. Juu ya kabati la mbele nikaweka redio, imefunguliwa kwenye kwaya, isikike kiasi cha kufunika maneno ya watu wazima. Benchi la barazani, ambalo mlinzi alikuwa analalia, likarudi kazini, mbele ya mlango. Nyungo nilimpa mama wa usafi, akagawana na jirani zake.

Fundi alipomaliza nikaingia ndani, nikaufunga. Kho. Nilikaa mle peke yangu kwa muda, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Habari Songea haihitaji tangazo. Kabla juma halijaisha walikwishaanza kurudi, mmoja mmoja, benchi likapata watu. Na kwa kuwa vijana hawakuacha kuja kutafuta bembea, mmoja akaupiga picha mlango uliosimama bila nyumba, akairusha mitandaoni na maneno ya mzaha. Picha ikafika Dar es Salaam kabla ya taarifa ya mkuu wetu.

Mkurugenzi akanipigia mwenyewe. Ni mama mwenye akili na amelijenga shirika lile kwa jasho, sitamvunjia heshima. Alisema wafadhili wanakuja kuiona ofisi ya wazi waliyoilipia, na hilo banda liwe limeondoka kabla hawajafika. Nikamwambia haliondoki. Akauliza kama naelewa naongea na nani. Nikasema naelewa, na kwamba nikimaliza naye kuna mama kwenye benchi ananisubiri. Nikamsimulia habari ya hodi tatu. Akasema hayo ni mambo ya kuelimisha jamii, watazoea. Pale ndipo nilipochemka. Nikamwambia mwanamke ametoka Mpitimbi amevaa kitenge chake kizuri, akapiga hodi kwa adabu yote aliyofundishwa na mama yake, tukampa mgongo, na anayehitaji kuelimishwa ni yeye?

Barua ya onyo ilifika siku iliyofuata. Niliisoma mara moja, ikatosha. Ilisema nikiendelea, ajira yangu iko mashakani. Nina binti chuoni, na sina mume wa kuegemea; nilijua vizuri nilichokuwa nacheza nacho. Nikaweka barua kwenye mkoba, nikaenda kumfungulia mlango mama aliyefikiwa na zamu yake kwenye benchi.

Ikatokea kwamba siku ya wafadhili ndiyo siku niliyokubaliana na mama wa Mpitimbi. Mkuu wetu alinisihi nimwahirishe. Baraza lilikuwa limekaribia mno, na hata lisingekuwa limekaribia, nilimwambia hivi: mama yule amefungiwa mara mbili, ya tatu sifungi mimi. Akashika kiuno, akatazama mlango, akatazama tofali. Akaenda kufagia mbele ya ofisi mwenyewe, ingawa kulikuwa kumeshafagiwa.

Alikuja asubuhi, kwenye lori la mahindi. Nilimwona tangu barabarani. Alifika mbele ya kioo, akasogea pembeni, akatazama upande wa barabara kama inavyopasa, akapiga hodi. Nikasimama wima pale mezani.

"Karibu," nikasema. "Karibu sana ndani, mama."

Aliingia, akaliona tofali linaloshikilia kioo, akacheka. Alikunywa maji. Tukaulizana habari za mahindi. Kisha tukaingia, nikafunga, mlango ukasafisha koo, na yeye akaweka kikapu chini na kuanzia pale pale aliponyamazia siku ile, kama aliyeweka alama.

Alichonisimulia sitakiandika. Kimo kwenye jalada, jalada limo kabatini, na kabati ndilo ukuta. Nitasema tu kwamba yale ndiyo yaliyosimama mbele ya baraza, na kwamba msimu huu shamba la Mpitimbi limelimwa na yeye mwenyewe na wanawe.

Alikuwa katikati, pale pagumu kuliko pote, nikasikia magari yanasimama. Zikaja sauti nyingi, viatu, Kiingereza na Kiswahili vimechanganyika. Nikamsikia mkurugenzi anaeleza habari za uwazi na mwanga. Sauti zikazunguka upande wa dirishani, zikasifu milima, zikaanza kurudi. Mama wa Mpitimbi akanyamaza. Kitasa kikageuka. Komeo likashika. Kikageuka tena.

"Fungua, tafadhali," ilikuwa sauti ya mkurugenzi. "Tuna wageni."

Nilikuwa nimeshika mkono wa mama wa Mpitimbi, na mkono ulikuwa wa baridi. Kwaya ikamaliza wimbo, ikatulia kabla ya kuanza mwingine, na katika utulivu ule nikamsikia mkuu wetu. Sikuwahi kumsikia akimkosoa mtu yeyote anayetoka Dar es Salaam.

"Samahani, mama," akasema. "Pale inabidi upige hodi."

Nadhani kila aliyekuwa nje aligeuka kumtazama. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyewahi kuwa mtoto wa mtu, aliyewahi kutumwa kwa jirani akafundishwa asimame wapi, mkurugenzi akasema:

"Hodi."

Midomo yangu ilikwishafunguka kujibu, kwa mazoea. Nikaifunga. Chumba hakikuwa changu saa ile. Nikamtazama mama wa Mpitimbi, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama tuwakaribishe.

Akajifunga kitenge vizuri. Akautazama mlango, upande huu wa ndani, kwa muda wake.

"Sijamaliza," akasema.

Nikawaambia wa nje wasubiri kwenye benchi. Nilisikia mkuu wetu anawaonyesha pa kukaa, na benchi likalia kwa uzito wao. Nikachukua kalamu. Mama wa Mpitimbi akaendelea.